Chema chajiuza? Somo la chupa za dawa za mwaka 1905

MWAKA 1905 jarida moja la wanawake nchini Marekani, Ladies' Home Journal, lilichapisha picha ya jiwe la kaburi. Halikuwa kaburi la rais wala la jemadari. Lilikuwa la Lydia Pinkham, mama wa mji wa Lynn katika jimbo la Massachusetts, aliyefariki dunia Mei 1883.

Picha hiyo ilizua gumzo, kwa sababu siku hizo hizo magazeti ya nchi nzima yalikuwa yanabeba tangazo lenye sura ya mama huyo. Tangazo lilimwambia kila mwanamke mwenye maradhi ya kike asione haya, amwandikie Bi Pinkham amweleze shida yake, naye atamjibu kwa siri kama mwanamke kwa mwanamke mwenzake. Mshauri huyo alikuwa kaburini mwaka wa 22. Kampuni ilipobanwa, ilijitetea kwamba Bi Pinkham anayetajwa ni mke wa mwanawe.

Kisa hiki ni cha zamani na cha mbali. Hata hivyo, wewe unayevusha mizigo Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo utakitambua upesi. Ndani yake kuna tangazo, kuna chupa, na kuna mwenye duka aliyekaa katikati: upande mmoja kiwanda asichowahi kukiona, upande wa pili jirani anayemjua kwa jina.

Na Marekani ya akina Pinkham si ngeni kwetu kama inavyodhaniwa. Lynn iko jirani na Salem, bandari ambayo merikebu zake zilifanya biashara na Unguja tangu miaka ya 1820. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said, biashara hiyo ilishamiri, na kitambaa cha pamba kilicholetwa kikaitwa merikani mpaka leo. Watu wa pwani na bara walikipenda kwa uimara wake. Kitambaa mtu hukishika, hukivuta, hukifua, akajua amenunua nini. Chupa ya dawa haipimwi hivyo, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Gazeti la mji mdogo

Mwanzoni mwa karne iliyopita, karibu kila mji mdogo wa Marekani ulikuwa na gazeti lake. Mara nyingi lilitoka mara moja kwa wiki. Mmiliki ndiye aliyekuwa mhariri, ndiye mwandishi, na ndiye aliyezunguka madukani kuomba matangazo. Wapo wasomaji waliolipa ada kwa kuni au viazi.

Habari zake zilikuwa za mji: nani kamtembelea nani, ng'ombe wa nani kapotea, ngano inauzwa bei gani. Pembeni ya habari hizo yalikuwapo matangazo ya aina mbili. Ya kwanza ni ya wenye maduka wa hapo hapo: viatu vipya vimefika, misumari ipo, unga umeshuka bei. Kila mtu alimjua aliyetangaza, na angeweza kumfuata dukani kesho yake kama viatu vimebanduka soli.

Aina ya pili ilitoka mbali: vidonge vya figo, dawa ya mafua sugu, maji ya kumtuliza mtoto anayeota meno. Matangazo hayo yalifikaje kwenye gazeti la mji wenye watu elfu mbili?

Jibu linaanza mwaka 1861. Mhariri mmoja wa mji wa Baraboo, Wisconsin, Ansel Kellogg, alipoteza wafanyakazi wake walipokwenda vitani. Akaomba wachapaji wa mji mkuu wa jimbo wamletee karatasi zilizokwisha kuchapwa upande mmoja, naye ajaze upande wa pili kwa habari za kwake. Mpango ukafaa. Mwaka 1865 akaufanya biashara mjini Chicago.

Kufikia mwaka 1905 maelfu ya magazeti madogo yalikuwa yananunua karatasi za namna hiyo. Upande uliotangulia kuchapwa ulikuwa na hadithi, mapishi, na matangazo ya dawa. Mwenye kiwanda aliingia mkataba na ofisi moja tu, tangazo lake likaamkia katika mamia ya miji, na mhariri wa mji hakuwa amelichagua. Msomaji alilisoma ndani ya gazeti lenye jina la mji wake, karibu na habari ya harusi ya binti wa jirani, akaliamini kama alivyoiamini habari hiyo.

Ndani ya chupa

Dawa ya Bi Pinkham ilianza kwa nia njema. Lydia alikuwa akiipika jikoni kwake na kuwagawia majirani. Biashara za mumewe zilipoanguka katika msukosuko wa uchumi wa mwaka 1873, familia ikaanza kuiuza, na kufikia mwaka 1875 ilikuwa sokoni kwa dola 1 chupa moja, chupa sita kwa dola 5. Ilitengenezwa kwa mizizi na mitishamba, na mmoja wa mimea hiyo ni uwatu, ule ule ambao mama zetu wa pwani humpikia mzazi uji.

Kilichokuwa hakisemwi sana ni pombe. Ilikuwamo kwa kiwango cha asilimia 18 hivi, zaidi ya mara tatu ya bia ya kawaida. Miongoni mwa walioitumia walikuwamo wanawake waliokuwa mstari wa mbele kupiga vita ulevi.

Peruna, dawa iliyotoka Columbus, Ohio, ilikuwa na pombe nyingi zaidi, asilimia 28 hivi. Ilitangazwa kuwa inatibu mafua sugu, na mwenyewe alidai kwamba karibu kila ugonjwa wa mwili ni mafua sugu ya sehemu fulani. Mwaka 1905 ofisi ya serikali iliyosimamia maeneo ya Wamarekani wa asili ilipiga marufuku kuuzwa huko, kwa sababu watu walikuwa wanainunua kama kileo.

Iliyoumiza zaidi ni chupa ya senti 25 iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup. Picha zake zilionyesha mama mwenye uso wa furaha na mtoto aliyetulia. Mtoto alitulia kwa sababu ndani mlikuwa na mofini, dawa ya kuua maumivu makali inayotokana na afyuni. Mama alimpa mwanawe kijiko kimoja, akaona usingizi umekuja, akashukuru. Wapo watoto ambao hawakuamka. Mwaka 1911 Chama cha Madaktari cha Marekani kiliiweka chupa hiyo katika orodha ya wauaji wa watoto wachanga.

Tusiwacheke walionunua. Daktari alikuwa mbali na gharama yake kubwa. Mwanamke wa shambani aliona aibu kumweleza mwanamume mgeni maumivu yake. Dola moja ilikuwa sehemu kubwa ya ujira wa siku wa kibarua, na mtu hatoi fedha hiyo kwa mchezo. Alinunua kwa sababu alikuwa anaumwa, na kwa sababu gazeti lake lilimwambia ipo dawa.

Jirani kama shahidi

Watangazaji walijua jambo ambalo kila mchuuzi analijua: mteja humwamini jirani kuliko kiwanda. Vidonge vya Doan's, vilivyotoka Buffalo, New York, viliuzwa kwa wenye maumivu ya mgongo, na matangazo yake yalibadilishwa kulingana na mji. Ukiwa mji fulani unasoma ushuhuda wa mkazi wa mji huo huo, jina na mtaa wake, ukiambiwa nenda kamuulize mwenyewe.

Wengine walivalisha tangazo nguo za habari. Unasoma kisa cha msichana aliyepauka na kudhoofika mpaka wazazi wakakata tamaa, na unapofika mstari wa mwisho ndipo unagundua unauziwa vidonge vya Dr. Williams' Pink Pills, mali ya kampuni ya Brockville nchini Kanada. Hall's Catarrh Cure ya Toledo, Ohio, iliahidi zawadi ya dola 100 kwa mgonjwa yeyote wa mafua sugu atakayeshindikana.

Ushuhuda mwingi haukuwa wa uongo kwa maana ya mtu kutunga. Maumivu mengi ya mgongo huisha yenyewe. Aliyemeza kidonge wiki ile akapona alisema kweli kwamba alimeza na kwamba alipona. Alichokosea ni kuunganisha mambo hayo mawili. Aliyemeza asipone hakuandika barua, na kama aliandika, haikuchapishwa.

Sabuni na rangi ya jiko

Katika kurasa hizo hizo palikuwapo na vitu vya nyumbani, navyo vilipigiwa debe kwa sauti kubwa vile vile. Sabuni ya Ivory kutoka Cincinnati ilijisifu kuwa ni safi kwa asilimia 99 na 44/100, na kwamba inaelea juu ya maji. Cherehani za Singer, jina ambalo mafundi wetu wanalijua hadi leo, ziliuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo, wakala akipita nyumba hadi nyumba.

Mfano mzuri kuliko yote ni rangi ya kung'arishia jiko. Majiko ya siku hizo yalikuwa ya chuma, yalishika kutu, na mama wa nyumbani aliyapaka rangi nyeusi na kuyasugua. Kampuni ya Black Silk ya mji wa Sterling, Illinois, ilitangaza kwamba rangi yake inang'aa na inadumu kuliko nyingine. Kisha ikaongeza neno moja muhimu: usiporidhika, mwenye duka aliyekuuzia ameruhusiwa kukurudishia fedha zako.

Angalia tofauti. Sabuni ama inaelea ama inazama. Jiko ama linang'aa ama halin'gai, na jibu unalo kabla ya jua kuzama. Mama aliyedanganywa kuhusu rangi ya jiko alirudi dukani Jumatatu na kopo mkononi. Mama aliyedanganywa kuhusu dawa hakuwa na njia ya kujua. Mtoto alikuwa kimya.

Kwa hiyo methali yetu ya chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ni ya kweli nusu tu. Katika magazeti haya chema na kibaya vyote vilijitembeza. Kilichovitenganisha ni kama mnunuzi ana uwezo wa kukipima mwenyewe, na kama yupo mtu wa karibu wa kumrudishia fedha.

Kuna kichekesho kimoja hapa. Wahariri wa miji midogo waliwahimiza wasomaji wao wanunue nyumbani, wasiagize vitu kwa posta kutoka kampuni kubwa za Chicago kama Sears, Roebuck. Wenye maduka walipinga vikali huduma ya vifurushi vya posta iliyoanza Januari 1, 1913. Lakini upande wa pili wa karatasi ile ile, fedha za mji zilikuwa zinavutwa kwenda Toledo na Buffalo, chupa baada ya chupa.

Maandishi mekundu

Kwa nini magazeti yenyewe hayakusema? Novemba 1905 jarida la Collier's lilitoa jibu. Mwandishi Mark Sullivan alichapisha mikataba ya matangazo kati ya kampuni za dawa na magazeti. Ndani yake kulikuwa na kifungu kilichochapwa kwa wino mwekundu: mkataba huu unakufa iwapo jimbo lenu litapitisha sheria ya kuzuia au kubana dawa hizi.

Aliyejivunia kubuni mpango huo ni Frank Cheney, mwenye Hall's Catarrh Cure. Kwa kifungu hicho, kila mhariri aligeuzwa mlinzi wa kampuni bila kuombwa. Muswada ukifika bungeni, mhariri alijua kwamba ukipita, atapoteza fedha zinazomlipia karatasi na wino.

Mwezi mmoja kabla, Collier's hiyo hiyo ilikuwa imeanza mfululizo wa makala za Samuel Hopkins Adams. Adams alizitaja dawa kwa majina, akaeleza kilichomo ndani yake, na kukadiria kwamba Wamarekani wanatumia dola milioni 75 kwa mwaka kununua dawa za aina hiyo.

Sheria ya lebo

Kelele zilizaa matunda. Juni 30, 1906, Rais Theodore Roosevelt alitia saini sheria ya vyakula na dawa, iliyopiganiwa kwa miaka mingi na mkemia wa serikali, Harvey Wiley. Ilianza kutumika Januari 1, 1907.

Sheria hiyo haikuwafungia watengenezaji. Ilidai jambo dogo: kama ndani kuna pombe, afyuni, mofini, kokeini, heroini na vitu vingine vichache vilivyotajwa, lebo iseme, na iseme kiasi. Asiyetaka kusema aliweza kuviondoa. Mama aliyeshika chupa akasoma neno mofini alikuwa sasa na cha kuamulia.

Lakini wajanja hawalali. Wapo walioandika kwenye lebo kwamba bidhaa yao imedhaminiwa chini ya sheria ya Juni 30, 1906. Maneno hayo yalimaanisha tu kwamba mtengenezaji mwenyewe ndiye anayedhamini. Mnunuzi alisoma kana kwamba serikali imeipima dawa na kuipitisha. Baadaye serikali ililazimika kuyaondoa.

Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya dawa iliyodaiwa kutibu saratani. Ikasema sheria inakataza uongo kuhusu kilichomo ndani ya chupa, haikatazi uongo kuhusu ugonjwa unaotibiwa. Mwaka 1912 bunge likarekebisha, ila mwendesha mashtaka alitakiwa athibitishe kwamba muuzaji alikusudia kudanganya, na nia ya mtu ni vigumu kuithibitisha.

Mlango ulibaki wazi hadi mwaka 1937. Kampuni moja ya Bristol, Tennessee, ilitaka kuuza dawa ya maambukizo kwa namna ya maji. Ikaiyeyusha katika dietilini glaikoli, kimiminika chenye sumu. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto. Sheria iliyokuwapo iliiona kampuni na kosa moja tu, la jina: iliita dawa hiyo eliksiri, neno linaloashiria kuwa ndani kuna pombe, na pombe haikuwamo.

Wakaguzi walitawanyika nchi nzima kuzisaka chupa. Kilichowasaidia ni vitabu vya mauzo. Penye duka au wakala aliyeandika nani kauziwa nini na lini, chupa ilifuatwa mpaka nyumbani. Karibu dawa yote iliyokuwa haijanywewa ilipatikana. Mwaka uliofuata, 1938, ikaja sheria iliyomtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba dawa ni salama kabla ya kuiuza.

Mpakani leo

Sumu hiyo ya mwaka 1937 haijazeeka. Mwaka 2022 dawa za maji za watoto zilihusishwa na vifo vya watoto wapatao 70 nchini Gambia. Aprili 2024 maabara ya Nigeria iliripoti kuikuta dietilini glaikoli katika toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto. Kenya, Tanzania na Rwanda zikaagiza toleo hilo liondolewe sokoni. Agizo la namna hiyo hutaja namba ya toleo, na namba hiyo humsaidia tu yule anayejua chupa zake ziko wapi.

Mfanyabiashara mdogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ana nafuu ambayo mwenye duka wa mwaka 1905 hakuijua. Mzigo uliotoka nchi mwanachama, ulio kwenye orodha iliyokubaliwa na usiozidi dola 2,000 za Marekani, huvuka kwa utaratibu rahisi na cheti rahisi cha uasilia. Lakini dawa hazivuki kama vitunguu. Zina mamlaka zake: TMDA kwa Tanzania, NDA kwa Uganda, Rwanda FDA kwa Rwanda, na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Cheti cha uasilia kinasema mzigo umetoka wapi. Hakisemi kama unafaa kumezwa.

Kabla hujapakia boksi la dawa, krimu au mafuta yanayodaiwa kutibu, jiulize maswali ambayo muuza duka wa mji mdogo hakujiuliza. Je, lebo inataja kilichomo, aliyetengeneza, namba ya toleo na tarehe ya kuisha? Je, alama ya ubora niliyoiona imetolewa na mamlaka, au mwenye kiwanda amejipamba nayo? Je, tangazo linaniambia kilichomo au linanipa ushuhuda tu? Na mwisho, mteja wangu akidhurika, ataweza kujua ni hii iliyomdhuru?

Ukiona jibu la swali hilo la mwisho ni hapana, rudisha boksi chini. Na kwa kila mzigo unaouza, kuwa na daftari: nini, toleo gani, kwa nani, siku gani. Kalamu ya senti chache iliokoa watu mwaka 1937.

Cheney alikaa Toledo, na Kansas hakuna aliyemjua sura. Barua za malalamiko ziliishia kwenye sanduku la posta. Mwenye duka aliyeuza chupa zake alibaki pale pale mjini, akikutana kanisani na wazazi wa watoto waliozinywa. Wewe pia jina la kiwanda hulijui vizuri, lakini mama wa upande wa pili wa mpaka anakujua jina lako, na wiki ijayo utapita tena.